Mbona Yeye Hakuumwa

Mama mkwe alifariki Jumamosi saa nne asubuhi, na kabla ya adhuhuri watu watatu walikuwa wameshamuuliza Mama Chiriku swali moja: mbona yeye hakuumwa?

Wa kwanza alikuwa muuguzi, naye aliuliza kwa ajili ya kazi tu, kalamu mkononi. Wa pili alikuwa baba mdogo wa mumewe, aliyelizunguka swali kwa mbali, akianza na kumshukuru Mungu kwamba walau mmoja pale nyumbani alibaki na nguvu za kubeba ndoo. Wa tatu alikuwa wifi yake, Mwalimu, na huyo hakuzunguka.

"Mama kaumwa. Kaka kaumwa. Mtoto kaumwa," alisema, akihesabu kwa vidole kama yuko mbele ya darasa. "Wote mmekula sufuria moja. Wewe je?"

"Mimi sikuumwa, wifi."

"Naona. Ndiyo maana nauliza."

Walikuwa wamesimama kwenye ujia wa hospitali, mbele ya mlango ambao sasa ulikuwa umefungwa. Mama Chiriku alikuwa ameshika mfuko wa plastiki wenye vitu vya marehemu: kandambili, shuka, kikombe cha bati, na meno ya bandia yaliyofungwa kwenye leso. Kilio hakikuja, hofu haikuja. Alijiona kama mtu aliyelalia mkono ukafa ganzi: anauona, anajua ni wake, lakini ukiuchoma sindano hausikii.

"Sijui," alisema.

"Hujui," Mwalimu akarudia taratibu, kisha akaunyoosha mkono na kuuchukua ule mfuko.

Habari yenyewe haikuwa ndefu. Jumapili iliyotangulia, mchana, walikula kuku wa mchuzi, wali na saladi ya nyanya na matango. Jumatatu jioni mama mkwe alianza kutapika. Usiku akafuata Fundi, mwanawe na mume wa Mama Chiriku, halafu Chiriku, mjukuu wa miaka saba, aliyeitwa hivyo kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Tumbo liliwaendesha wote watatu mpaka choo kikawa hakina zamu. Fundi alipona siku ya tatu. Chiriku alipona ya nne. Mama mkwe, mwenye miaka sabini na minne na sukari ya muda mrefu, alipelekwa hospitali Alhamisi akiwa amebebwa, na hakurudi.

*

Walizika Jumapili. Jumatatu, wageni walipopungua, ukoo ulikaa sebuleni kwa Fundi. Mama Chiriku alikuwa jikoni akiosha vikombe, lakini ukuta wa jikoni ulikuwa wa mbao nyembamba na hakuna aliyejisumbua kupunguza sauti.

"Mimi simtuhumu mtu," baba mdogo alisema. "Nasema tu, wahenga hawakuwa wajinga. Kikulacho ki nguoni mwako."

"Baba mdogo, tafadhali," Fundi alisema.

"Tafadhali nini? Nimetaja jina?"

"Majirani wamesikia walikuwa hawaelewani," ilisema sauti ya mwanamke, shangazi mmoja aliyekuja kwa ajili ya mazishi.

"Nani na nani?"

"Marehemu na huyu. Habari za jikoni. Kila siku marehemu anamfundisha, huyu ananuna."

Mama Chiriku alikisuuza kikombe kile kile mara mbili. Alimngoja mumewe aseme neno. Fundi alikuwa mtu wa kutengeneza mafriji; alijua kusikiliza mashine na kusema hapa gesi inavuja, hapa pampu imechoka. Pale sebuleni alisikiliza, asiseme chochote.

Kisha Mwalimu akasema, "Chiriku atakuja kukaa kwangu kwanza. Shule iko karibu. Mpaka mambo yatulie."

Jikoni, Mama Chiriku aliufunga mfereji. Alifuta mikono, akaenda kusimama mlangoni.

"Wifi, mtoto ana nguo hapa, ana daftari hapa. Mimi mama yake nipo."

"Najua upo."

"Basi?"

"Basi hujui kwa nini hukuumwa. Ukishajua, utatwambia." Mwalimu hakupaza sauti. Macho yake yalikuwa yamevimba kwa kulia, na mikono yake ilikuwa ikiikunja na kuikunjua leso ya mama yake. "Mimi nimebakiwa na huyo mtoto mmoja mwenye sura ya mama. Nisamehe."

Mama Chiriku alimtazama Fundi. Fundi alisema, "Ni siku chache tu."

Chiriku aliondoka na begi la shule na mto wake, akiongea njia nzima mpaka sauti yake ikapotea kwenye kona.

*

Jumatano alirudi kazini. Alikuwa mpiga pasi kwa dobi mkubwa, mahali pa mashuka ya mahoteli na sare za wahudumu. Kazi ilimfaa: shuka linakuja limekunjamana, linaondoka limenyooka, na mvuke hauulizi habari za nyumbani. Wenzake walimpa pole. Mmoja alimkumbatia. Saa saba, kama kawaida, wanawake wanane walikaa kwenye meza ndefu na kufungua vyombo vyao, na kama kawaida kila mmoja alikisukuma chake katikati ili wenzake waonje.

Mama Chiriku naye alikisukuma chake. Maharage na viazi. Vijiko vilipita huku na huku, kutoka chombo hadi chombo, kama ndege wanaochagua mti wa kutua. Chake kilibaki kimejaa hadi ukingoni. Mwanamke wa pembeni alisema, "Leo nimeshiba mapema," huku akijichotea wali wa jirani.

Baada ya chakula msimamizi alimwita pembeni, kwenye vikapu vya nguo chafu.

"Mama Chiriku, usinielewe vibaya. Chombo chako, kesho, usikiweke kwenye friji ya wote."

"Nikiweke wapi?"

"Popote. Hata kwenye mkoba. Si mimi, jamani, ni watu. Unawajua watu."

"Maharage yakikaa kwenye mkoba na joto hili yatachacha."

Msimamizi alifikiri. "Basi njoo na mkate," alisema.

Alirudi kwenye pasi. Shuka la kwanza alilolinyoosha lilikuwa na alama ya mdomo wa mtu, rangi nyekundu, haikutoka. Aliliweka kando, akachukua lingine.

*

Afisa afya alikuja Alhamisi saa kumi jioni. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi na viatu vya mtu anayetembea sana. Hospitali ilikuwa imempelekea taarifa: wagonjwa watatu, nyumba moja, kifo kimoja. Fundi alimwita dada yake, ili asije akasema alifichwa, na Mwalimu akaja moja kwa moja kutoka shuleni, chaki bado kwenye mkono wa gauni.

"Sijaja kumkamata mtu," afisa alisema akivua viatu. "Nimekuja kujua mlikula nini na kilipikwaje. Jiko liko wapi?"

Fundi alikuwa wa kwanza kumwongoza, naye alikwenda moja kwa moja kwenye friji. "Hii naipima mwenyewe kila wiki. Digrii nne. Mlango mpya, raba mpya. Hata umeme ukikatika, saa nne nzima haijapanda. Unaweza kuweka mkono."

Afisa aliweka mkono. "Friji nzuri."

"Mimi ni fundi."

"Nimeona. Kuku alikaa humo?"

"Usiku mmoja tu," Mama Chiriku alisema. "Nilimnunua Jumamosi jioni. Hakuwa na harufu. Mama mwenyewe alimnusa, akasema mzima."

"Harufu, mama, ni ya nyama iliyooza. Nyama inayonuka angalau ina adabu, inakuonya. Vijidudu ninavyovitafuta mimi havinuki. Kuku anakuwa mzuri, ngozi inang'aa, navyo vimo." Afisa aliketi kwenye kigoda cha jikoni na kufungua daftari. "Aliiva?"

"Aliiva mpaka nyama ikaachana na mfupa. Nilipika mimi, zaidi ya saa nzima."

"Mchuzi mlikula saa ngapi?"

"Ulipoepuliwa tu. Haukulala."

"Basi kuku huyo hana kesi. Moto wa saa nzima haubakizi kitu." Akaandika. "Sasa nieleze Jumapili yote. Polepole. Nani alifanya nini, kwa mkono gani, kwa kisu gani. Kuku alitolewa kwenye friji. Nani alimkata?"

Jiko lilikuwa dogo na watu wanne walikuwa wamebanana. Fundi aliutazama mlango wa friji. Mwalimu alimtazama wifi yake. Mama Chiriku aliona wazi ni wapi swali lile linaelekea, kama mtu anayeona maji yakitambaa sakafuni kuelekea kwenye mkeka, na aliona pia kwamba hana nguvu za kuyazuia.

"Mama," alisema.

"Mama yupi?"

"Marehemu. Alisema mimi nakata kuku kama mtu anayepasua kuni. Akasema niende dukani nikalete mafuta, yeye atakata."

"Aliosha kuku?"

"Alimwosha hapo kwenye sinki, kwa ndimu na chumvi. Ndivyo alivyozoea."

"Maji yaliruka?"

"Maji huruka tu."

"Alikatia wapi?"

Mama Chiriku alinyoosha mkono akauchukua ubao kwenye msumari wake. Ulikuwa wa mti, umeliwa katikati na visu vya miaka, na kwenye mikwaruzo kulikuwa na weusi usiotoka. Afisa aliupokea, akapitisha ukucha kwenye ufa mmoja.

"Ulipotoka dukani, ubao ulikuwaje?"

"Ulikuwa hapa juu, mkavu."

"Umeoshwa au umepanguswa?"

Bomba lilidondosha matone matatu, manne. Angeweza kusema hajui. Neno hilo alikwisha kulitumia hospitalini, na alijua linavyokaa mdomoni.

"Umepanguswa," alisema. "Kitambaa kilikuwa kinaning'inia pale. Kilikuwa na doa, rangi kama maji ya nyama. Nilikiona."

"Halafu?"

"Halafu nikakatia matango. Na nyanya."

"Bila kuuosha."

"Nilikiona kitambaa, nikajua. Lakini mama alikuwa amekaa hapo hapo ulipokaa wewe. Ningemuulizaje mama mkwe kama ameosha ubao?"

Afisa alivua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi.

"Mama alikuwa safi!" Mwalimu alisema ghafla. "Mama alikuwa anafua hata kitambaa cha vumbi! Watoto watano katulea, hakuna aliyewahi kuharisha kwa chakula chake. Leo hayupo, hawezi kujibu, mnamtupia!"

"Dada, sisemi alikuwa mchafu," afisa alisema. "Nazungumzia ubao. Kuku mbichi ameacha maji yake hapa. Kitambaa kimeyasambaza, hakikuyatoa. Tango likapita juu, na tango halipikwi. Mtu mwenye nguvu ataumwa siku tatu. Mzee mwenye sukari..." Hakumalizia. Alimgeukia Mama Chiriku. "Wewe ulikula nini siku ile?"

"Nilikula mwisho, hapa jikoni. Wali, mchuzi, shingo na mgongo."

"Na saladi?"

"Bakuli lilirudi tupu."

"Basi ndiyo maana hukuumwa," afisa alisema, na akaandika.

Ilikuwa sentensi fupi tu. Mama Chiriku alingoja kitu kifunguke ndani yake, pumzi ndefu, machozi, chochote. Hakikufunguka. Alisikia kalamu ikikwaruza karatasi.

Afisa alisema majibu ya maabara ya hospitali yangetoka kesho yake, na kwamba angeuchukua ubao. Kabla ya kuvaa viatu aliwaambia, kwa sauti ya mtu aliyeyasema hayo katika majiko mengi: kuku asioshwe, maji yake yanaruka hadi kwenye vikombe, ubao wa nyama uwe wake na wa mboga uwe wake, na kama upo mmoja, mboga zikatwe kwanza, nyama baadaye, kisha maji ya moto na sabuni. Mikono vile vile. Na kitambaa kichemshwe.

"Ni hayo tu?" Fundi aliuliza.

"Ni hayo tu, kaka."

*

Mwalimu aliondoka bila kuaga. Fundi alibaki amesimama jikoni, akifungua friji na kuifunga.

"Ungesema ulikata wewe," alisema hatimaye.

Mkewe alikuwa akiosha sinki kwa maji ya moto. "Nini?"

"Kuku. Ungesema tu ulikata wewe. Mama amekwisha zikwa. Ungepungukiwa na nini?"

"Na mtoto."

"Mtoto angerudi tu."

"Angerudi lini? Wiki nzima watu wananiita mwenye sumu na wewe ulikuwa umekaa kwenye kiti. Sikukusikia."

"Nilikuwa nimefiwa."

"Na mimi nilimwogesha," alisema. "Siku tatu alipokuwa anaharisha, kabla hamjampeleka, na wewe umelala na ndoo yako. Nilimwogesha, nikambadilisha, nikamrudishia meno yake mdomoni. Hakuniambia asante. Aliniambia maji ya baridi."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayesoma orodha ya vitu vya dukani. Fundi alifungua friji mara nyingine, akatoa chupa ya maji, akaishika bila kunywa.

"Tango ulikata wewe lakini," alisema.

"Nilikata mimi. Sijakataa. Hata kwenye daftari lake limo."

*

Ijumaa majibu yalitoka, yakathibitisha aliyoyasema afisa: vijidudu vile vile katika vipimo ambavyo hospitali ilikuwa imewachukua wagonjwa wote watatu, vya aina inayotoka kwa kuku. Sumu hakukuwa na alama yake. Mama Chiriku aliomba ruhusa kazini, akachukua nakala ya karatasi, akatembea nayo mpaka kwa Mwalimu ikiwa imekunjwa mara nne mkononi.

Mwalimu alifungua mlango, akapokea karatasi, akaisoma akiwa amesimama. Akaisoma tena. Alikuwa mtu wa kusahihisha karatasi za wengine na macho yake yalikwenda mstari kwa mstari yakitafuta kosa.

"Karibu ukae," alisema.

"Nimekuja kumchukua mtoto."

"Kaa kwanza, wifi."

Alikaa ukingoni mwa kochi. Mwalimu aliketi kinyume chake na kuiweka karatasi juu ya magoti.

"Kitambaa chenyewe kipi? Kile cha bluu?"

"Cha bluu."

"Nilimnunulia mimi. Vilikuwa vitatu kwa pakiti." Aliinyoosha karatasi kwa kiganja. "Sisi tumekua hivyo hivyo. Ubao mmoja, kitambaa kimoja. Kuku akikatwa, mimi ndiye niliyekuwa napangusa. Alinifundisha kupangusa kwa nguvu, mpaka mti ulie."

"Hata kwetu ilikuwa hivyo."

"Basi mbona hatukufa?"

Nje watoto walikuwa wakiruka kamba, wakihesabu kwa sauti.

"Nilimpigia baba mdogo," Mwalimu alisema. "Nilimweleza aliyosema afisa. Anasema, sawa, si sumu, lakini uzembe nao unaua."

"Uzembe wa nani?"

"Hakusema. Sikumuuliza." Mwalimu aliikunja karatasi kwa mikunjo yake ya zamani. "Watu wamekwisha sema waliyosema, wifi. Siwezi kupita nyumba kwa nyumba."

"Sikukuomba upite."

"Hukuniomba, ndiyo." Akainuka, akaita. Chiriku akaja akiwa na begi mgongoni, mto kwapani, amekwisha vaa viatu, kana kwamba alikuwa amesimama nyuma ya mlango tangu mwanzo. Alimwamkia mama yake kwa heshima, "Shikamoo," kama anavyoamkiwa mgeni.

"Marahaba. Twende."

Njiani Mama Chiriku alimuuliza habari za shule, akajibiwa nzuri. Akamuuliza alilala wapi, akajibiwa kitandani. Alimshika mkono, na mkono ulishikika, laini, hauna nguvu wala ukaidi.

*

Jumamosi mchana alipika viazi vya kuchemsha na mayai ya kukaanga. Alikuwa amenunua ubao mpya wa plastiki, mweupe, na mwingine wa kijani, na kitambaa kilikuwa kimechemshwa kikakauka juani. Mayai aliyageuza pande zote mbili mpaka kiini kikawa kigumu. Alipakua sahani tatu, akaketi mezani pamoja nao, maana tangu wawe watatu hapakuwa na sababu ya yeye kulia jikoni.

"Karibuni," alisema.

Fundi alisema asante. Chiriku alikaa wima, mikono mapajani.

"Kula, mama. Kitapoa."

"Naja."

"Unakuja kutoka wapi nawe umekaa hapo?"

Mtoto hakucheka. Aliitazama sahani yake, halafu ya mama yake. "Anza wewe," alisema.

Chumba kilikuwa na mwanga mwingi, na kila kitu juu ya meza kilionekana wazi: chumvi, chupa ya maji, vijiko vitatu.

"Shangazi ndiye aliyekwambia hivyo?"

"Hapana. Nimefikiri mwenyewe."

Mama Chiriku alikata kipande cha yai, akakitia mdomoni, akatafuna. Chiriku alilifuata koo lake kwa macho, mpaka akaona kimeshuka. Bado hakugusa kijiko. Mama alipoinua macho aone kama mumewe atasema neno, aliona kijiko cha Fundi kimesimama juu ya sahani, hakijashuka wala hakijapanda, naye anatazama dirishani kama mtu aliyesikia anaitwa nje.

Akakata kipande cha pili, akala. Akala na kiazi. Yai halikuwa na chumvi ya kutosha, lakini hakusema. Mezani pale aliogopa kutamka neno lolote kuhusu ladha. Aliendelea kutafuna, polepole, mpaka akasikia kijiko cha kwanza kikigusa sahani. Hakuangalia kilikuwa cha nani.